Masikio ya Sungura Bondeni Katandala

Katandala, Sumbawanga
15 Septemba 2024

Mwanangu Coleta,

Tumsifu Yesu Kristo! Barua yako ameileta Fabiani, yule kondakta, kaishika kwa mikono miwili kama anapeleka sadaka, maana nilishamwambia zamani kwamba mwanangu wa chuo akiandika, ameandika mtu. Nimeisoma mara mbili kimya na mara moja kwa sauti. Ya sauti niliisomea chumbani, mlango nimefunga, kwa hiyo usianze.

Nimeelewa kwa nini hutaki tuongee jambo hili kwenye simu. Ni kweli mimi nikiongea naweka spika. Sasa mtu kaja gengeni kwangu Majengo kununua chumvi, na wewe unaongea, nimfukuze? Wateja wamekuzoea. Juzi mama mmoja kaniuliza, "Yule binti yako mafua yalipona?" Mafua yenyewe ya mwezi wa tano! Basi, tuandikiane. Darasa la saba la enzi zetu si hili la sasa. Mwandiko wangu mwalimu alikuwa anaupeleka darasa la sita wakauone.

Nirudie ulichosema, ili ujue kimeingia. Lile ua ulilolipiga picha Januari kule chini ya kiwanja chetu, la kijani lenye koo la zambarau, wewe na mwalimu wako mmelitafuta vitabuni mkakuta limeonekana sehemu chache sana za Ufipa, na hapa mjini halijawahi kuandikwa. Na kile kipande cha nyasi, kutoka chooni kwetu mpaka kwenye wigo wa Malimi, hatua sitini kwa thelathini, ndilo salio la bonde lote la zamani, nyumba zimelikaba pande tatu. Januari watu wa manispaa wanakuja kumalizia ramani ya mtaa na mwalimu wako anakuja nao. Wakilikuta ua, bonde linachorwa eneo lisilojengwa. Wasipolikuta, mwenyekiti wetu Jastin anajaza kifusi na kupandisha frem za maduka. Huyo ameshaanza kutembea na utepe wa kupimia mfukoni kama fundi cherehani.

Na nisimwambie mtu, kwa sababu ya wachimba chikanda. Hapo ungeokoa wino. Mimi nimekulia Kaengesa nachimba chikanda na mama yangu. Hilo ua lenu la vitabuni sisi tulikuwa tunaliita masikio ya sungura! Bibi yako alitwanga viazi vyake na karanga, akapika chikanda mpaka kikawa kigumu unakikata kwa kisu kama nyama. Najua vizuri: ikisikika vipo mjini, kesho kuna majembe na viroba, keshokutwa viko Zambia.

Nimeapa kwa rozari ya bibi yako. Nimemwambia shoga yangu Kalista peke yake, na Kalista ni ukuta.

Kinachonikera ni Malimi. Lile dume lake, Jenereta, analifunga kamba pembeni mwa wigo, limekula nyasi za kona ile mpaka zimekuwa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya ukaguzi. Nimemwambia, "Malimi, wewe umetoka Usukumani kote huko kuja kulishia ng'ombe chini ya choo changu?" Akacheka. Nitaliondoa, utaona.

Mama yako mzazi,
Albina (mama wa mtaalamu)

*

Morogoro
28 Septemba 2024

Shikamoo Mama,

Kalista ni ukuta, nakubali. Lakini ukuta wenye madirisha manne na mlango wa mbele na wa nyuma. Mama, tafadhali. Aishie huyo huyo.

Masikio ya sungura! Nimeliandika jina hilo kwenye daftari langu, na pembeni nimeandika: limetajwa na Albina wa Katandala. Kwa hiyo sasa umo kwenye utafiti.

Kazi yako ni ngumu kwa mtu kama wewe, kwa sababu ni kazi ya kutofanya kitu. Usilime pale, usipande, usichome, usifagie. Sasa hivi hutaona chochote ila nyasi kavu. Viazi vimelala chini. Mvua zikishika vitatoa majani, na Januari, Mungu akijalia, maua.

Jenereta mwache. Ng'ombe mmoja hana neno, nyasi zikiwa fupi kidogo ua linapata jua. Usigombane na Malimi kwa ajili yangu.

Nakupenda. Usimwambie mtu.

Mwanao,
Coleta

*

Katandala
20 Oktoba 2024

Mwanangu Coleta,

Tumsifu Yesu Kristo. Eti niko kwenye utafiti! Nimekata kile kipande cha barua yako chenye jina langu nimekibandika juu ya kabati, karibu na picha ya marehemu baba yako. Angekuwepo angevaa koti.

Kutofanya kitu ninakufanya vizuri sana. Kila asubuhi naenda pale, nasimama, sifanyi kitu, narudi.

Sasa, usije ukasikia kutoka kwa watu wengine ukashtuka. Alhamisi jumuiya ilisali kwangu, na wakati wa maombi kila mtu anatoa lake. Mmoja kaombea mguu, mwingine kaombea mvua. Mimi nikae kimya, mama mzima mwenye mtoto kama wewe? Nikasema: "Tumwombe Mungu aibariki Januari, maana hapa nyumbani kwangu watakuja wageni wakubwa wa manispaa na wa chuo kikuu, kuja kuangalia jambo fulani chini ya kiwanja changu ambalo siwezi kulitaja." Wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Jambo lenyewe sikulitaja! Kalista alinikodolea macho nikamkanyaga mguu.

Walipotoka nje walisimama kwenye ngazi wakaliangalia bonde. Mzee mmoja akasema, "Wageni wakubwa, na nyasi zimesimama hivi?" Nikamjibu, "Acha tu." Unaona nilivyo mgumu?

Jenereta nimemvumilia kama ulivyosema, ila hapendwi. Wiki iliyopita kamfukuza Jastin na utepe wake mpaka barabarani. Siku hiyo nilimpa majani ya mahindi, mara moja tu, asizoee.

Mama yako,
Albina

*

Morogoro
3 Novemba 2024

Shikamoo Mama,

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Mama, usiombe tena kwa sauti. Omba kimoyomoyo, Mungu hahitaji spika.

Siku imepangwa: Alhamisi tarehe 16 Januari. Mwalimu wangu atakuja na ofisa wa mipango miji. Haitaahirishwa, wakishaondoka ramani inafungwa.

Mimi naenda milimani na wenzangu mpaka karibu katikati ya Desemba, huko hata barua hazifiki. Nakuachia bonde. Nikikumbuka kwamba wewe ndiye upo pale, nalala vizuri.

Coleta

*

Katandala
1 Desemba 2024

Mwanangu Coleta,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku wazima. Mvua zimeanza vizuri. Kuku mweusi ametotoa tisa. Mahindi ya Kaengesa yameota. Nimenunua vikombe vipya sita vyenye ua jekundu kwa ajili ya wageni.

Bonde lipo. Ni safi. Ni safi sana.

Kuna mama mmoja hapa Majengo, humjui, amehamia juzi, aliniuliza swali nikaona nikuulize wewe msomi. Eti kiazi cha ua kinalala chini kiasi gani? Na kikigeuzwa, tuseme kichwa chini miguu juu, kinaweza kujigeuza chenyewe? Na kikifunikwa na nyasi na udongo, tuseme kiasi cha goti, kinakufa au kinavumilia? Anauliza tu. Ni mtu wa kupenda kujua.

Kalista anakusalimu. Malimi anakusalimu. Jenereta hajambo.

Mama yako

*

Morogoro
13 Desemba 2024

Shikamoo Mama,

Nimerudi jana na barua yako nimeikuta juu ya meza. Huyo mama wa Majengo namjua. Anaitwa Albina, anaona aibu kuonekana anajifunza! Mama, maswali yako ni mazuri kuliko ya baadhi ya wanafunzi wenzangu. Nimemsomea mwalimu wangu. Kasema, "Mama yako angekuwa amesoma angenifukuza kazi."

Majibu. Viazi vinalala chini kidogo tu, kama kidole kirefu. Kila mmea una viwili: kimoja cha mwaka jana ambacho kinasinyaa kwa kuwa kimetoa chakula chake chote, na kimoja kipya kigumu. Kikigeuzwa kinaweza kupinda na kutafuta juu, kama hakijakauka wala kukatwa. Lakini kiasi cha goti, hapana, hapo hakifiki. Na hata kikipona, mmea uliosumbuliwa mvua zinapoanza huenda usitoe ua mwaka huo. Ndiyo maana nilikuomba pasiguswe.

Unaona ulivyo muhimu? Nimemwambia kila mtu hapa: hifadhi yetu ya kwanza mjini ina mlinzi mmoja, na mlinzi ni mama yangu.

Mwanao mwenye majivuno,
Coleta

*

Katandala
19 Desemba 2024

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama kwenye korido ya chuo, tafuta benchi.

Hakuna mama wa Majengo.

Jumamosi ya tarehe 23 Novemba nilitoka asubuhi kwenda kununua vile vikombe. Narudi, nasikia nyimbo kwangu. Nikajua kuna msiba. Kumbe ni jumuiya nzima, watu ishirini na kitu, wake kwa waume, wana majembe, wako bondeni. Walikuwa wamepanga bila kuniambia, wanifanyie hisani. Kwa sababu mama mwenye wageni wakubwa hawezi kuaibika na nyasi zilizosimama. Unajua Wafipa tulivyo: mtu anapimwa kwa jembe lake. Basi wakapiga intumba. Nyasi zote wamezigeuza, wamezifunika na udongo, matuta ya mviringo yamepangana safi kama shamba la askofu. Na intumba si kazi ya Novemba, kila mtu anajua, ni kazi ya mvua zikishakomaa. Lakini walisema, wageni hawatasubiri mvua zikomae.

Kalista alikuwa kigangoni anapamba altare, hakujua kitu. Mimi nilisimama pale na vikombe vyangu. Robo tatu ya bonde ilikuwa imekwisha. Robo moja bado! Ningepiga kelele moja tu, "Acheni, chini kuna masikio ya sungura," wangeacha. Lakini nilikuapia sitasema. Wakanigeukia wote, jasho linawatoka, wanacheka, "Mama Coleta, vipi?" Na mimi nikasema, "Mmefanya vizuri." Nikaenda kuwapikia.

Coleta, mimi siku zote nasema. Nasema kanisani, nasema sokoni, nasema usingizini, baba yako alilalamika mpaka anakufa. Siku moja tu maishani mwangu nimefunga mdomo, na ndiyo siku niliyotakiwa kuupanua.

Robo iliyobaki haikulimwa. Si kwa sababu yangu. Ni kona ya Jenereta. Kila mwenye jembe akisogea, lile dume linainamisha kichwa. Wakasema, "Hiyo kona Msukuma atamalizia mwenyewe."

Kesho yake baada ya misa nilipiga magoti nikafumua tuta la kwanza kwa mikono. Vidole vyangu havijasahau. Vile viazi viwili unavyoniandikia, mimi na mama yangu tulikuwa tunavijua: kilichosinyaa ni mama, kigumu ni mtoto. Sisi tulichukua mtoto tukamwacha mama udongoni, tukiamini atazaa tena. Sasa nikawa natafuta wote wawili, nawalaza walivyokuwa wamelala. Malimi akachungulia juu ya wigo: "Mama Coleta, umepoteza pete?" Nikamjibu, "Nimepoteza mtoto." Akaruka wigo. Nikamweleza. Sikuapa kutomwambia Malimi, nilikuwa nimechoka kunyamaza. Akasema, "Bonge la nyasi ukilirudisha upande wake linashika, kwetu tunafanya hivyo njia ya ng'ombe ikiharibika." Tumefanya hivyo kila asubuhi kabla sijaenda gengeni, mimi, yeye na Kalista. Matuta kumi na tisa tumeyarudisha. Viazi nilivyolaza ni arobaini na kimoja. Vingine vilikuwa vimekatwa na majembe.

Nilitaka kukuambia kwenye ile barua ya kwanza ya Desemba. Kalamu ikaandika kuku.

Halafu ukaniletea hiyo ya mlinzi. Hiyo sijaibandika kabatini.

Nisamehe.

Albina

*

Morogoro
27 Desemba 2024

Mama,

Siku ya Krismasi nilianza barua nyingine, nikaichana. Nilikuwa nimekasirika, na mtu hamwandikii mama yake akiwa hivyo.

Leo nimetulia, na kuna jambo langu mimi ambalo sikukuambia.

Wachimba chikanda ni kweli wapo. Lakini mwalimu wangu alinishauri tangu Agosti: "Waeleze majirani, watu hawalindi wasichokijua." Mimi ndiye niliyekataa. Nilitaka nifike Januari, niwaoneshe wote kwa mpigo, mimi Coleta, ua ambalo hakuna aliyelijua. Nilitaka vigelegele. Sasa niambie haya nimeyarithi kwa nani.

Ungewaambia, wasingelima. Wewe ulikuwa sahihi kwa tabia yako, mimi nikakufunga mdomo kwa kiburi changu. Kwa hiyo nisamehe na wewe.

Tarehe 16 tunakuja hivyo hivyo. Usifumue tuta jingine, sasa mvua ni nyingi, utaumiza yanayochipua. Kilichopo ndicho tutakachokionesha.

Na Mama: waambie. Jumuiya, sokoni, Jastin, wote. Wakija wachimbaji, watakuta mtaa mzima umesimama. Weka spika.

Coleta

*

Katandala
11 Januari 2025

Mwanangu mpenzi, mtaalamu wangu, taa ya Katandala,

Tumsifu Yesu Kristo na milele amina!

Niliweka spika.

Nilianzia jumuiya. Nikasimama, nikasema yote kuanzia picha yako mpaka vikombe. Kisha yule mzee wa nyasi zilizosimama akasema, "Kumbe tulimlimia mtoto wa watu kaburi." Mama mmoja akaanza kulia. Nikawaambia, "Hakuna kulia, mlifanya kwa upendo na mlilima kwa ustadi, shida ndiyo hiyo, mngekuwa wavivu tungepona." Tukacheka mpaka tukasahau litania.

Halafu, Coleta, sikiliza. Nikawaonesha picha yako. Bibi mmoja akaisogeza karibu na jicho lake zima. Unamjua, mama yake Jastin mwenyekiti. Akasema, "Haya ndiyo mnayoita adimu? Haya si masikio ya sungura? Mbona yapo nyuma ya jiko langu, pale maji yanapotuama?" Jastin alikuwa mlangoni na utepe wake. Akasema, "Mama!" Naye akamjibu, "Mama nini? Nimeulizwa?"

Hapo ikawa kama mnadani. Mwingine kasema yapo ukingoni mwa makaburi, pale jembe haligusi. Mwingine kasema aliyaona kwenye mashimo ya zamani ya Flavian, yule mfyatua tofali. Kesho yake tukaondoka watu kumi na wawili na miavuli, tukafuata bonde kwa miguu. Kumbe bonde halijaisha! Limekatwakatwa tu kama kitenge cha fundi, kipande huku, kipande kule, katikati nyumba na barabara, lakini maji yanapita chini yanajuana. Tumekuta vipande vitatu na cha kwangu cha nne. Kote kuna majani. Kwa Flavian kuna vikonyo vinne, na kimoja kinaonesha zambarau.

Vitabu vyenu vinasema sehemu chache. Vitabu havijawahi kumuuliza mama yake Jastin.

Kwangu nisikufiche tena. Kwenye matuta tuliyorudisha kuna majani sita, membamba, yanasikitisha. Kwenye matuta yaliyobaki hakuna kitu. Kona ya Jenereta ina mimea kumi na moja imesimama kama askari, bado haijafungua. Nimemwomba Malimi alihamishe dume kwa siku hizi. Nimelipelekea mahindi mwenyewe huko liliko. Nililikosea heshima.

Nachinja jogoo. Njoo.

Mama yako,
Albina (na spika)

*

Morogoro
30 Januari 2025

Shikamoo Mama,

Bado nguo zangu zinanukia moshi wa jikoni kwako, na sitaki kuzifua.

Mwalimu wangu amehadithia ile siku ofisi nzima. Jinsi tulivyotarajia kumkuta mama mmoja tukakuta watu sitini wamejipanga kandokando ya njia, na jumuiya inaimba. Jinsi ofisa wa mipango alivyouliza, "Mwenye eneo ni nani?" wakajibu wote. Na jinsi bibi, mama yake Jastin, alivyomshika mkono yule ofisa mpaka nyuma ya jiko lake akimwambia, "Inama mwanangu, huwezi kuliona ukiwa na kiburi."

Najua uliumia kwamba kwako siku ile halikuwepo hata moja lililofunguka. Nilikuona ulivyosimama nyuma ya watu, wewe unayesimama mbele siku zote. Lakini mwalimu alilinganisha mimea ya kona ya Jenereta na maua ya kwa Flavian, akaridhika kuwa ni mmea mmoja.

Sasa habari yenyewe. Nakala ya ramani imefika kwetu leo. Mstari wa kijani unaanzia chooni kwetu, unapita nyuma ya jiko la bibi, unagusa makaburi, unaishia kwenye mashimo ya tofali. Vipande vyote vinne, eneo lisilojengwa. Frem za Jastin zimesogezwa barabarani, mahali ambapo wateja wapo. Amenipigia mwenyewe kusema ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwanzo. Na eti ule utepe wake ndio uliopimia mipaka.

Kuna nafasi kwenye ramani ya kuandika jina la eneo. Mwalimu ananiuliza. Mimi nimeandika: Masikio ya Sungura.

Kuhusu matuta, usijilaumu tena. Huenda mwaka kesho.

Mwanao,
Coleta

*

Katandala
8 Februari 2025
asubuhi

Mwanangu Coleta,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika haraka, nimekaa kwenye kigoda huku huku bondeni, karatasi nimeiweka juu ya paja, ukiona doa ni umande.

Kona ya Jenereta ilifungua yote kumi na moja, hilo Fabiani ameshakuambia, najua, nilimtuma.

Lakini leo nimepita kwenye yale matuta ambayo hatukuyafumua. Lile la tatu kutoka chooni, kubwa, lililopigwa na yule mzee kwa ustadi kuliko yote. Ubavuni mwake kuna ua. Halikutokea juu, limetokea pembeni, shingo imepinda, limezunguka udongo wote huo kutafuta mahali pa kutokea, na limetokeza kichwa kama mtu anayechungulia dirishani kuuliza kama wageni wameshaondoka. La kijani, koo la zambarau. Moja tu. Nimeingiza kidole taratibu udongoni nikagusa vile viazi. Mama amesinyaa kabisa, hana kitu. Mtoto mgumu kama kokoto. Nimewafunika.

Nimelia kidogo. Kilio cha shibe.

Sasa, nina jambo la kukuambia ambalo hutaliamini. Nimeliona saa kumi na mbili na nusu. Saa hizi inakaribia saa mbili unusu. Malimi amepita akasalimia, nikamwitikia, sikumwambia. Mama yake Jastin amepita na ndoo, sikumwambia. Simu nimeiacha ndani. Duniani hapa anayejua ni mimi na Mungu, na ukimaliza mstari huu, na wewe. Uliwahi kutaka kuwa wa kwanza. Basi hili ni lako, umekuwa wa kwanza.

Fabiani anapita saa tatu, nitamkabidhi barua imefungwa na gundi.

Nakomea hapa. Nasikia sauti ya Kalista barabarani, anasema kwa nguvu kama kawaida yake, na mimi kifua kinataka kupasuka. Ngoja nimkimbilie.

Mama yako,
Albina, aliyenyamaza saa mbili nzima